SIKU TATU ZIMEPITA, NDUGU BADO YUPO. JE, HAKI YAKE IMEKWISHA?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Dada mmoja wa Ruangwa ameniandikia: "Shekhe, ndugu wa mume wangu walivuka Ruvuma kukimbia vita ya kule Cabo Delgado. Wako watano, na huu ni mwezi wa nne. Unga unaisha haraka, watoto wanagombana, na mimi moyo umechoka. Si Mtume alisema mgeni ni siku tatu?" Nimemwomba ruhusa nijibu hapa bila kumtaja, maana najua hayuko peke yake.

Dada yangu, hadithi hiyo ni sahihi, wameipokea Bukhari na Muslim. Ila wengi tunashika kichwa chake tunaacha mkia. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa ukarimu wa mgeni ni siku tatu, na kinachozidi hapo ni sadaka. Hakusema siku ya nne mfukuze. Kilichobadilika ni jina la kile unachokitoa: jana kilikuwa haki ya mgeni, leo ni sadaka yako. Na sadaka kwa ndugu wa damu ina malipo mawili, la sadaka na la kuunga undugu.

Sasa sikiliza hatari iliyopo. Sadaka huharibika. Mwenyezi Mungu katika Surat Al-Baqara, aya ya 264, anatukataza kuzibatilisha sadaka zetu kwa masimango na maudhi. Umepika miezi minne, umetoa chumba, umegawa nguo za wanao, kisha neno moja linafuta vyote.

Na masimango hayaanzi kwa matusi. Yanaanza kwa "mh, sukari ya juzi imekwisha tayari?" Yanaanza kwa kuhesabu vipande vya muhogo mbele ya mtoto wa watu. Yanaanza kwa "tangu mje ninyi..." Unamweleza jirani bombani, kumbe mgeni yuko nyuma yako na ndoo yake. Siku hiyo atakula, lakini chakula hakitashuka.

Sisi wa Nachingwea si wageni wa jambo hili. Hapa kwetu, Farm 17, ndipo wapiganaji wa FRELIMO walipofanyia mazoezi, hadi Msumbiji ikapata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Kisha ikaja vita ya wenyewe kwa wenyewe, watu wakavuka tena. Mimi nilikuwa kijana wa madrasa wakati ndugu wa upande wa bibi yangu walipofika kwetu, mama na watoto wake na kaka yake mtu mzima. Tulilala wanne kwenye jamvi moja.

Bibi yangu hakusoma kitabu, lakini alijua adabu. Wiki ya kwanza aliwaacha wapumzike. Wiki ya pili alimkabidhi yule mama kinu na ungo, akamwambia, "Mwanangu, leo jiko ni lako." Akamkatia na kipande cha shamba apande kunde. Yule mjomba alikuwa fundi wa mikeka, basi baba akamtafutia ukindu, naye akawa anauza mikeka sokoni na kurudi na chumvi na mafuta ya taa. Msimu wa korosho tuliokota wote. Mwaka wa njaa tulichimba ming'oko wote. Jioni redio ilikuwa yake. Taarifa ya habari ikianza, hakuna mtoto aliyethubutu kupiga kelele, kwa sababu mzee yule alikuwa akisikiliza kama kwao bado kupo. Mkataba wa amani ulipotiwa saini Roma tarehe 4 Oktoba 1992, alisujudu pale pale uani.

Ndugu msomaji, mtu aliyekimbia vita hana njaa ya ugali tu. Ana njaa ya kuwa mtu tena. Mpe kazi, utampunguzia aibu. Ukimweka akae tu kama mgonjwa, wewe utachoka na yeye atadhoofika.

Masahaba nao waliishi hivi. Walipokimbilia Habasha kwa Najashi, Jaafar bin Abi Talib na mkewe Asma bint Umais walikaa zaidi ya miaka kumi. Walizaa huko na kulea huko. Bibi Umm Salama amesimulia kuwa Najashi alipoinukiwa na mtu aliyetaka kumnyang'anya ufalme, Waislamu walishikwa na huzuni kubwa. Walimwombea dua mwenyeji wao, na Zubair bin Awwam akavuka mto kwa kiriba kilichojazwa upepo ili awaletee habari za vita. Huo ndio ugeni wa Kiislamu: shida ya mwenyeji wako ni shida yako.

Kwa hiyo nawe mgeni, hadithi ile inakuhusu. Mtume (s.a.w.) amekukataza kukaa hadi umtie mwenyeji wako katika dhiki. Amka kabla yake, chota maji. Usiingilie ugomvi wa mume na mke. Usiseme "kwetu hatuli hivi." Mwanao akikosea, muonye wewe kabla hajaonywa na mwenye nyumba. Kikipatikana kibarua cha kupalilia au kuvuna ufuta, nenda, na ulichopata kiweke mezani hata kama ni kidogo.

Dada yangu wa Ruangwa, nawe usibebe peke yako. Mwambie mumeo akae na nduguze, mgawane: wawili waende kwa shemeji, watatu wabaki. Toeni taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji na Uhamiaji, msimfiche mtu, maana kufichwa kunamtia hofu mgeni na kukutia hatarini wewe. Na msikiti upo. Jirani, peleka debe la mahindi nyumba ile bila kungoja kuombwa.

Wala asikudanganye mtu kuwa wale wanaochoma vijiji tangu Oktoba 2017 wanapigania dini. Dini ni hiyo inayopikwa jikoni kwako.

Na tukumbuke, zamu huzunguka. Januari 2001 ndugu zetu wa Pemba walivuka bahari hadi Shimoni, Kenya, wakawa wao ndio wageni. Leo unafungua mlango, kesho utaubisha.

Ewe Mola, wape amani ndugu zetu ng'ambo ya Ruvuma, warudishe makwao salama, wape subira waliowapokea, na uzilinde sadaka zetu na ndimi zetu. Amin.

Wallahu a'lam. Mfikishie na mwenzako.