Kitufe Kisicho na Jina

Nilipopofuka mwaka 1986 kwa presha ya macho, nilidhani kazi yangu ya redio imekwisha. Haikwisha. Siku zile sauti ilikuwa kitu cha kushikika. Ilikaa kwenye utepe uliozungushwa katika magurudumu mawili, nao ulikwenda sentimita 19 kila sekunde. Neno la nusu sekunde, basi, lilikuwa na urefu wa sentimita 9 na nusu. Nililisikia, nikazungusha magurudumu kwa mkono mbele na nyuma mpaka nikapata mwanzo wake, nikaubana utepe kwa kidole, nikaulaza kwenye kibao chenye mfereji, nikakata kwa wembe na kuunga. Wenzangu wenye macho walifanya vivyo hivyo. Katika chumba kile hakuna aliyeniuliza kama naona.

Kisha zikaja kompyuta. Mwaka 1999 mitambo ya utepe iliondolewa. Sauti ikageuka mchoro, milima na mabonde kwenye kioo, na wembe ukawa mshale unaoongozwa na kipanya. Mkuu wangu, mtu mpole, aliniita akasema, "Mzee wangu, hii sasa ni kazi ya macho." Nilitia saini barua ya kuhamishiwa mapokezi, kwenye simu, nikakaa huko hadi nilipostaafu. Sikuuliza swali hata moja. Ndugu msomaji, hilo ndilo kosa langu: niliamini mlango umefungwa na Mungu, kumbe umefungwa na seremala.

Miaka ishirini baadaye dada yangu alifariki. Aliacha kaseti moja ambamo alisimulia maisha ya wazee wetu. Mwanawe, ambaye kazi yake ni kuandika programu za kompyuta, aliihamishia sauti hiyo kwenye kompyuta, akaikatakata, akaniletea siku chache kabla ya arobaini.

"Shikamoo Mjomba. Nimeisafisha, sikiliza."

Nikasikiliza. Maneno yote yalikuwamo, lakini dada hakuwamo. Alikuwa na pumu tangu utoto, na kabla ya kila sentensi alivuta pumzi kwa mkwaruzo ambao mimi niliujua kabla sijajua kusema. Kijana aliuona kwenye kioo kama uchafu kati ya milima, akaufuta.

"Mwanangu," nilimwambia, "umemsafisha mama yako mpaka ameondoka."

Alinyamaza kitambo, kisha akasema, bila dharau, "Basi kata wewe, Mjomba. Sauti nzima bado ninayo."

Programu aliyotumia ilikuwa ya kwake mwenyewe. Kompyuta yangu ilikuwa na NVDA, programu inayosoma kwa sauti yaliyomo kwenye kioo, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, naye James Teh akaungana naye. Wote wawili ni vipofu, na programu hiyo hutolewa bure. Nikafungua programu ya mpwa wangu, nikabonyeza. Ikasema: kitufe. Nikasogea. Kitufe. Kitufe. Kitufe.

Sababu yake ni nyepesi kuliko nilivyodhani. Msomaji huyo wa kompyuta haoni picha; huiuliza programu, "Hiki ni nini?" Aliyeitengeneza akiwa amechora mkasi bila kuandika popote neno "kata", jibu ni moja tu: kitufe. Mpwa wangu aliviandikia vyote majina kwa jioni moja. Jioni moja! Nilifurahi, na usiku ule nilishindwa kulala nikihesabu miaka.

Yaliyobaki yalihitaji wiki kadhaa. Kila kilichofanywa kwa kipanya ilibidi kifanyike kwa kibodi pia. Mahali ulipo ilibidi pasomwe kwa dakika na sekunde. Sauti ya msomaji ilibidi inyamaze wakati rekodi inalia, la sivyo wawili hugombania sikio moja. Ule mchoro ndio uliomshinda.

"Mjomba," aliniuliza, "zamani ulijuaje pa kukata?"

Nikamshika mikono, nikaizungusha hewani mbele na nyuma, kama magurudumu. Kesho yake akaja na vitufe viwili: kimoja kinacheza kipande kidogo mbele, cha pili kipande kidogo nyuma. Vidole vyangu vilikumbuka kazi kabla ya akili.

Baadaye tulijua kwamba hatukuwa wa kwanza. Audacity, programu ya bure iliyotolewa mwaka 2000, inaweza kutumiwa kwa kibodi na wasomaji wa namna hii. Teh huyo huyo alianzisha nyongeza iitwayo OSARA, inayowawezesha vipofu kufanya kazi na REAPER. Njia ilikwisha kuchongwa, mimi sikuuliza.

Siku ya arobaini ilikuwa imepita nilipomaliza. Niliondoa kikohozi, mlio wa pikipiki, na mahali alipojirudia. Pumzi niliziacha zote, isipokuwa moja iliyokatika vibaya. Mpwa wangu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniomba nirudishe mwanzo.

Siku hizi akiandika programu hunipigia simu kwanza, wala haniulizi kama naweza. Huuliza, "Mjomba, hiki tukiite nani?"