Uliza Kabla ya Kubeba Kikapu



Mama mmoja wa kanisa letu figo zimeshindwa. Mara mbili kwa wiki anaenda kusafishwa damu kwa mashine. Nilipomtembelea, alikuwa hawezi kutembea hadi mlangoni bila kupumzika. Nikasema, huyu amepungukiwa na damu. Nikarudi na ndizi, avokado na chupa mbili za juisi ya bitiruti.

Akatabasamu. "Pasta, asante. Lakini potasiamu ya hivi ikinijaa, moyo unaweza kusimama."

Niliona aibu. Binti yake akanieleza polepole: figo ndizo hutoa homoni inayoamsha uboho wa mifupa utengeneze damu. Zikilala, damu hupungua hata ukila vizuri. Ndiyo maana mama hudungwa sindano ya homoni hiyo, na madini ya chuma. Mboga zake huchemshwa kwa maji mengi, kisha maji yanamwagwa. Protini anaihitaji sana, kwa sababu mashine huondoa kiasi chake: mayai, samaki, kuku, kwa kipimo cha daktari.

Eliya alipochoka chini ya mretemu (1 Wafalme 19), malaika hakuanza na mahubiri. Alimletea chakula kilichomfaa kwa safari yake. Mimi nilileta upendo ambao haukuuliza.

Wiki iliyofuata nilipiga simu kwanza, nikaenda na trei ya mayai.

Mpendwa, muombee mgonjwa wako. Usimwambie aache sindano eti ana imani. Na kabla ya kubeba kikapu, uliza.