"Mchungaji, Tuhamie Kanamkemer au Nakwamekwi?"

 Haya ni yenu, ninyi wa Lodwar, ninyi wa Kakuma na Kalobeyei, na ninyi mlioko kule "Kenya", kama tunavyosema hapa Turkana mtu akivuka Kainuk kwenda Kitale.

Nilikuwa nimeahidi tuendelee na somo la kufunga na kuomba. Litangoja. Tangu wiki jana nimepigiwa simu na watu watatu kuhusu jambo moja, kuhama, na sioni haja ya kumjibu kila mmoja pembeni.

Mmoja wao ameniruhusu nisimulie, mradi nisimtaje jina. Ni ndugu wa ushirika wetu wa Kakuma. Amepata kazi Lodwar. Ana mke na watoto watatu, wa mwisho bado ananyonya. Wameonyeshwa nyumba mbili. Ya kwanza iko Nakwamekwi: mpya, vigae sakafuni, geti la chuma, na mwenzake wa kazini anaishi ploti hiyo hiyo, kwa hiyo asubuhi watapanda boda moja. Ya pili iko Kanamkemer, ng'ambo ya daraja la Turkwel: ya zamani kidogo, rangi imebambuka, lakini ina mti uani na shule haiko mbali. Kodi karibu ni sawa.

Akaniuliza, "Mchungaji, Bwana amekuonyesha nini kuhusu hii ya Nakwamekwi?"

Nikamwuliza mama watoto anasemaje. Akanyamaza. Kisha akasema, "Yeye anataka Kanamkemer. Lakini neno likitoka kwa mtumishi atakubali."

Mpendwa, umesikia hapo? Hakuwa anatafuta neno. Alikuwa anatafuta rungu. Nikamwambia ukweli: ndugu yangu, kuhusu nyumba hiyo sina neno lolote kutoka kwa Bwana, na hata ningekuwa nalo nisingekupa ukamnyamazishe nalo mkeo. Mimi naamini unabii. Nimeuona, nimewekewa mikono, sina aibu nao. Lakini kuna mambo Mungu ametupa macho, miguu na mke ili tuyajue, na nyumba ya kupanga ni mojawapo.

Badala yake nilimpa Hesabu 32. Nawe ifungue uisome.

Wana wa Reubeni na wana wa Gadi walikuwa wafugaji. Mturkana akisoma sura hii hahitaji mhubiri. Mifugo yao ilikuwa mingi mno. Wakaiangalia nchi ya Yazeri na nchi ya Gileadi, wakaona ni malisho, wakamwendea Musa: tupe hapa hapa, usituvushe Yordani. Musa akakasirika, maana ndugu zao walikuwa wanaelekea vitani. Wakamwambia watakwenda vitani pia, tena mbele ya wenzao, lakini kwanza wajenge. Sasa angalia mstari wa 16, wanachosema watajenga: mazizi ya mifugo, kisha miji ya watoto. Musa anakubali. Ila ukifika mstari wa 24, anaporudia ombi lao, amegeuza mpangilio: miji ya watoto, kisha mazizi. Hawagombezi kwa hilo. Anayapanga maneno upya tu. Na katika mstari wa 26, wanapomjibu, wanaanza na watoto wao na wake zao, mifugo inafuata nyuma. Walisikia.

Najua kwenye habari za kuchagua mahali pa kuishi huwa tunamhubiri Lutu, aliyeinua macho akaona bonde lina maji. Lutu ni rahisi kumhukumu. Hawa wa Hesabu 32 hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wanaume wenye mali ya kulinda, na wao wenyewe hawangekaa kwenye hiyo miji: wangevaa silaha na kuondoka. Waliochagua ndio waliokuwa wanaondoka. Wenye kubaki hatuambiwi kama waliulizwa.

Ndivyo zilivyo nyumba zetu nyingi. Wewe baba unatoka saa moja asubuhi jua halijapata nguvu, unarudi limetua. Chumba cha mabati ya chini, bila dari, saa nane mchana hapa Lodwar, unakijua? Humo hukai. Anayekijua ni yule mtoto anayenyonya, na mama yake aliyemweka sakafuni juu ya leso iliyoloweshwa maji. Vigae unavisifu usiku. Boda ya pamoja na mwenzako wa kazini ndiyo zizi lenyewe, ndugu, hata kama halina mbuzi.

Sasa tuseme habari za mitaa, maana wengine mnatoka mbali na hamjui Lodwar. Mji huu umekua haraka. Mafuta yalipotangazwa mwaka 2012, na serikali ya kaunti ilipoanza mwaka 2013, kila mtu alitaka chumba hapa. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 80,000. Nyumba zimeota hata mahali ambapo wazee hawakujenga, na wazee walikuwa na sababu.

Ukienda Nakwamekwi, jambo la kuulizia ni Kawalase. Kawalase ni laga. Wakati wa kiangazi utaona mchanga, mbuzi, na watoto wanacheza mpira. Mvua ikinyesha milimani, maji yanafika Lodwar hata kama juu ya kichwa chako hakuna wingu. Na usidhani ukivuka daraja kwenda Kanamkemer umeliacha swali hilo nyuma. Turkwel inatoka mbali, huko miteremko ya Mlima Elgon, na ng'ambo nako kuna ploti zimesogea mtoni kama mtu anayejipasha moto. Usimwulize mwenye nyumba kama maji hufika. Atakuambia hayafiki. Angalia miti ya mathenge iliyo karibu: takataka zilizonaswa kwenye matawi, ziko juu ya goti au juu ya kichwa? Kisha tafuta mama mzee anayeuza makaa au mikeka hapo, msalimu vizuri, kaa chini, mwulize maji yalifika wapi mara ya mwisho. Atakuonyesha kwa mkono.

Sisi tulipohama kutoka Kakuma kuja huku, mama mchungaji alifanya jambo ambalo sijaliona kwa mwanamume yeyote. Nilikuwa nazungumza kodi na mwenye ploti. Yeye aliazima mtungi kwa jirani, akaenda kupanga foleni kwenye bomba la mtaa, kana kwamba tayari anaishi hapo. Akakaa karibu saa mbili. Aliporudi alijua maji hutoka siku gani, mtungi ni pesa ngapi yakikatika, mwalimu gani anachapa, njia ipi wasichana hawapiti jioni, na nani kwenye ile ploti hulewa na kupiga watu. Mimi nilikuwa nimejua kodi tu.

Wapendwa wangu wa kambini mtaniambia, mchungaji, wewe unazungumza na wanaochagua, sisi tulichaguliwa. Ni kweli. Kambi ya Kakuma ilianza mwaka 1992, na wengi wenu mlipofika mlipewa kadi na mahali pa kusimika hema, basi. Siwezi kulipamba hilo. Lakini Kalobeyei ilipofunguliwa mwaka 2016, baadhi yenu mlilikabili swali hili hili, mkaja kuniuliza tukiwa bado Kakuma. Kule kulisemwa kuna mpango wa nyumba za kudumu, mahali pa kulima mboga, wakimbizi na wenyeji wakitumia shule na zahanati pamoja. Huku Kakuma One kulikuwa na msongamano, lakini pia soko lililozoeleka, maduka ya Wahabeshi na Wasomali, na kivuli cha miarobaini iliyopandwa na watu waliodhani watakaa mwaka mmoja.

Nakumbuka mama mmoja wa kutoka Kongo. Majirani zake wawili walikuwa wanataka kwenda, nao walimsihi. Mwanawe ana kifafa. Aliniambia, "Mchungaji, hapa mtoto akianguka njiani, hata yule kijana wa duka la simu anajua kumlaza ubavu na kuondoa mawe. Kule nitaanza kumfundisha nani?" Akabaki. Sikumwambia amekosa imani. Wale majirani wawili walikwenda, mmoja akapata bustani ya sukuma wiki na kunde ambayo alinitumia picha yake, akafurahi, na yeye pia sikumwambia amemtangulia mwenzake kiroho. Kila mmoja aliwahesabu watoto wake alionao.

Kuna jambo jingine ambalo baadhi yenu hamtalipenda. Mtu akinipigia kutoka Kitale au Bungoma kwamba amepata kazi Lodwar, swali lake la kwanza si maji wala shule. Ni hili: "Watu wetu wanakaa mtaa gani?" Nawe Mturkana usicheke, maana unapohamia Eldoret unauliza vivyo hivyo. Naelewa hofu. Mgeni anataka mtu wa kumwita usiku kwa lugha ya mama yake. Lakini nimeona familia za waliookoka zimekaa mjini hapa miaka sita, na watoto wao hawajui kusema "ejok" kwa mama anayewauzia maziwa. Wanaimba Jumapili kwamba sisi ni mwili mmoja, Jumatatu wanafunga geti. Mkiniuliza mimi, ploti yenye makabila matatu na choo kilichosafishwa kwa zamu ni bora kuliko ile ya "watu wetu" wasiosemezana kwa sababu ya deni.

Na wale wanaonitumia ujumbe nije kupaka mafuta kwenye milango minne ya nyumba ambayo hawajaikagua paa: nitakuja, mafuta ninayo. Lakini nitapanda kwanza kwenye kiti niangalie kama mbao zimeliwa na mchwa.

Turudi kwa ndugu yetu. Nilimwomba jambo moja tu. Aje Lodwar na mkewe na yule mtoto mdogo, wafike kwenye nyumba zote mbili saa nane mchana, si jioni, na yeye ndiye ambebe mtoto. Walikuja na matatu ya asubuhi. Ni kama kilomita 120, lakini kwa mama anayenyonyesha si kidogo.

Nakwamekwi, mama aliingia jikoni akafunga mlango, akasimama humo ndani peke yake. Mumewe alimngoja nje na mtoto mgongoni, jasho linamtiririka hadi kwenye soksi. Mama alipotoka hakusema neno. Alikunywa maji. Baadaye wakavuka daraja kwenda Kanamkemer. Mti ulikuwepo, kivuli kizuri, mtoto akalala pale pale. Lakini bomba la ile ploti lilikuwa kavu, na wapangaji wawili, kila mmoja kwa wakati wake, walimwambia mwenye ploti anadaiwa na bomba limekuwa hivyo kwa muda mrefu. Mama alihesabu mitungi kwa vidole: ya kupika, ya kuoga, ya nepi. Mumewe akawa anahesabu naye. Anasema hiyo ndiyo mara ya kwanza kujua nyumba yake hutumia mitungi mingapi kwa siku.

Walichokuja kuamua si nyumba ya kwanza wala ya pili. Ni nyumba nyingine huko huko Nakwamekwi, sehemu ya juu, ambayo mama mmoja muuza samaki aliwaelekeza. Haina geti. Sakafu ni saruji tupu, imepasuka kidogo. Ina dari, bomba lina maji, na mama muuza samaki anasema laga haijawahi kufika pale tangu aolewe. Baba amepoteza vigae vyake na boda ya pamoja, atalipa nauli peke yake kila siku, na pesa hizo alikuwa amepanga kumtumia mama yake mzazi. Mama amepoteza mti wake. Kwa hiyo mtu asije kusema mchungaji amesema Nakwamekwi ni bora, au amesema Kanamkemer haifai. Wapo washirika wetu wa Kanamkemer wanaomshukuru Mungu kwa kila inchi ya mtaa ule, nami hunywa chai kwao.

Alinipigia juzi usiku kunijulisha. Nikamwuliza, "Na neno la Bwana ulilokuwa unatafuta?" Akacheka, akampa mkewe simu.

Wanahama Jumamosi. Lori linatoka Kakuma alfajiri, nadhani saa nne watakuwa wamefika. Nahitaji vijana wanne wa kushusha mizigo, na mama wawili wa kupika chai na kuwashika watoto wakati kitanda kinaunganishwa. Mwenye turubai aje nalo, maana uani hakuna kivuli. Na aliye na mche wa mwarobaini nyumbani kwake, hata mdogo wa kwenye kopo, aulete. Mama ameshachagua mahali pa kuupanda, karibu na mlango wa jikoni.