Kaiserswerth, Mji wa Wauguzi

Kaiserswerth uko ukingoni mwa mto Rhein, Ujerumani. Ulikuwa mji mdogo wa kujitegemea hadi mwaka 1929, ulipounganishwa na Düsseldorf. Tuliyaona magofu ya ngome ya Kaisari Barbarossa, yaliyobaki baada ya kubomolewa mwaka 1702.

Lakini sisi wauguzi tulikawia kwenye kijumba cha bustanini. Humo, mwaka 1833, Mchungaji Theodor Fliedner na mkewe Friederike walimpokea mwanamke aliyetoka gerezani. Mwaka 1836 walifungua hospitali na kufundisha mashemasi wa kike kuuguza. Florence Nightingale naye alijifunza hapo mwaka 1851.

Mama Friederike alifariki kwa uzazi mwaka 1842, akiwa na miaka 42. Tuliondoka tukiulizana: anayewauguza wengine, yeye huangaliwa na nani?