Steve Ditko Alikataa Rangi ya Kijivu

Stan Lee mnamjua, yule mzee wa miwani aliyekuwa akichomoza kidogo kwenye filamu za Marvel. Sasa niambie Steve Ditko ni nani. Kimya, eh?

Ditko ndiye aliyechora Spider-Man wa kwanza, mwaka 1962. Ile suti inayofunika uso mzima ni kazi ya mkono wake. Marvel ya siku hizo, Lee na mchoraji walipiga stori kuhusu wazo, mchoraji akaenda kuijenga hadithi kwa picha, halafu Lee akajaza maneno. Kwa hivyo mchoraji alikuwa mtunzi pia. Ditko alidai hilo liandikwe, na likaandikwa.

Shida ni kwamba jamaa alikuwa amezama kwenye falsafa ya Ayn Rand: jema ni jema, baya ni baya, katikati hakuna kitu. Kufikia 1965 yeye na Lee walikuwa hawaongei. Kurasa zinafika ofisini, maneno yanawekwa, basi. Mwaka 1966 akaondoka, akamwacha Spider-Man akiwa moto.

1967 akaunda Mr. A, shujaa mwenye kadi nusu nyeupe, nusu nyeusi. 1968 akaenda DC kutengeneza Hawk and Dove, ndugu wawili, mmoja wa vita na mwingine wa amani. Mwandishi Steve Skeates alimpenda yule wa amani kuliko Ditko alivyoweza kuvumilia. Hapo pia hakukaa.

Mwaka 1999 Lee aliandika barua ya wazi akisema siku zote amemchukulia Ditko kuwa muundaji mwenza wa Spider-Man. Ditko hakufurahi. Kukuchukulia hivyo si kukiri kwamba ndivyo ulivyo. Watu huicheka hiyo stori, ati mzee mkaidi. Mimi siicheki. Kama umewahi kuchora logo ya mtu hapa Nairobi, kisha ukaiona kwenye bango bila jina lako, unajua tofauti ya hayo maneno mawili.

Lakini ya Skeates ni kesi nyingine kabisa. Yeye hakumwibia mtu. Alifikiri tofauti tu, na kwa Ditko hilo lilikuwa kosa karibu sawa na wizi. Hapo ndipo nasema tutenganishe: jasho lako litetee hadi mwisho, maoni yako yaache yagongane na ya wenzako.

Kwa sababu huyo Spider-Man mwenyewe alitokana na mgongano. Upweke wa Peter Parker uko kwenye michoro ya Ditko, na utani wake uko kwenye maneno ya Lee. Toa mmoja, unabaki na mtu mwingine kabisa.

Ditko alifariki 2018 akiwa na miaka 90. Alishikilia alichokiamini. Heshima kwake. Ila kati ya Mr. A na Spider-Man, wewe una fulana ya nani?