Mbao za Kukanyaga Katika Nyumba za Lamu

Mwenye kuingia nyumba kongwe ya Lamu, iwe Mkomani au Langoni, na ainue macho kabla hajatazama anapokanyaga. Juu yake ataona boriti za mikoko zimepangwa kwa kukaribiana, juu ya boriti mawe ya matumbawe, na juu ya mawe chokaa iliyopondwa hata ikashikana. Dari ya wa chini ndiyo sakafu ya wa juu. Boriti haikuweza kubeba uzito ule kwa upana unaozidi sana mita tatu, na kwa sababu hiyo vyumba vile ni virefu na vyembamba. Mti ndio uliompimia fundi chumba.

Wazee wetu waliiweka mbao ngumu mlangoni na chomboni. Miguuni walitaka chokaa, nayo ina baridi nzuri. Siku hizi mambo yamegeuka. Nilipozuru Lamu msimu wa kaskazi uliopita, nilikuta nyumba kadhaa zikitengenezwa upya, na mafundi wakitandika mbao katika vyumba vya kulala na hata madukani. Kila niliyemuuliza alinijibu kwa neno moja: ubao mzito ndio bora.

Ndugu msomaji, neno hilo lina ukweli, lakini halijatimia. Mpingo ni mzito kupita maji. Mita moja ya ujazo wake hupindukia kilo 1,200, nao ukitiwa baharini huzama. Hata hivyo haufai kutandika ukumbi, kwani mti wenyewe ni mwembamba, umepindapinda, na hautoi mbao ndefu. Mbambakofi una kilo zipatazo 800, haupendwi na mchwa, wala hautanuki sana kwa unyevu. Mvule na msaji ni wepesi zaidi, kilo 650 hivi, nao hudumu vizazi. (Anayepasua mvule ajihadhari: mara nyingine ndani yake mna jiwe linalokula meno ya msumeno, na vumbi lake hukohoza.) Mninga nao ni mwepesi kidogo kuliko hao wawili, lakini ni katika miti iliyotulia mno, ukishakauka hauhangaiki. Chumba cha kulala unakitosha. Mlangoni pa duka, penye viatu na mchanga kutwa, utachakaa mapema, na hapo ndipo ugumu wa mbambakofi una faida.

Jambo kubwa, kwa maoni yangu, ni hewa yetu. Jamaa yangu mmoja mwenye duka alitumia akiba ya miaka kununua mbao ngumu zilizokaushwa kwa tanuri ng'ambo. Zilifika zimefungwa plastiki, zikatandikwa siku hiyo hiyo katikati ya kaskazi, zimebanana hata wembe haupiti. Masika yalipoingia, sakafu iliinuka kama nundu ya ngamia na mlango wa stoo ukagoma kufunguka. Mwuzaji alisema mbao ni imara, naye hakusema uongo. Uimara huo ndio ulioing'oa sakafu, kwa kuwa ubao mgumu ukitanuka husukuma kwa nguvu zaidi.

Hesabu yake si ngumu. Mbao za kupelekwa penye viyoyozi hukaushwa hata zibaki na maji kiasi cha asilimia 8. Katika hewa ya mwambao hurudi kunywa hadi karibu asilimia 14. Ikiwa zitatanuka kwa asilimia moja tu, chumba cha mita tatu kitadai sentimita tatu za ziada. Zitatoka wapi? Basi mbao na zipangwe ndani ya chumba chenyewe, zikitenganishwa kwa vijiti, wiki tatu au nne, madirisha yakiwa wazi kama yatakavyokuwa siku zote. Kandoni mwa ukuta iachwe nafasi, ifichwe kwa ubao mwembamba. Skrubu ziwe za shaba au chuma cha pua, na tundu litobolewe kwanza, la sivyo ubao mzito hupasuka. Chokaa au saruji mbichi chini yake isubiriwe ikauke.

Kisha pana swali la asili ya mti. Mbambakofi ulikatwa mno katika msitu wa Arabuko-Sokoke, kati ya Kilifi na Malindi. Mnamo Novemba 2022, huko Panama, mkataba wa CITES uliingiza jamii za mbambakofi na mninga wa Afrika katika miti ambayo mbao zake hazivuki mpaka ila kwa kibali. Mnunuzi ana haki ya kuomba kuonyeshwa karatasi hiyo, na mwuzaji anayekasirika kwa kuulizwa amekwisha kujibu. Msaji una wepesi hapa, kwa kuwa hupandwa. Jirani zetu wa Tanga wana shamba kubwa la Longuza, wilayani Muheza.

Jamaa yangu sasa ameng'oa mbao zote. Zilizosalimika anazitandika upya chumbani kwake ghorofani, safari hii kwa nafasi ya vidole viwili kila ukuta. Dukani amerudisha chokaa.