Mbuni za Mjomba

Kahawa ya kwanza maishani mwangu sikuinywa, niliitafuna. Ilikuwa Bula Pesa, mjini Isiolo, Aprili 1984, mwaka ambao mvua ya masika ilitunyima na maziwa yakawa ya kupimiwa.

Jirani yetu alikuwa bibi wa Kiborana ambaye mtaa mzima, hata sisi Wameru, tulimwita Akko. Akipata mgeni, au mtu akitaka kuombewa safari, alipika buna qalaa. Maana yake, alinieleza, ni kahawa iliyochinjwa. Buni zake zilishuka na malori kutoka Moyale, kama kilomita 500 za vumbi na mawe. Mwaka huo malori yalileta ng'ombe waliokonda; buni hazikuja.

Mjomba wangu alikuwa na kahawa Imenti, miti ya aina ya SL28, ile iliyochaguliwa katika Maabara ya Scott miaka ya 1930. Tunda jekundu lilikwenda faktri. Lililokaukia mtini aliliita mbuni, akaliuza na ganda lake kwa bei ya kutupa. Yeye mwenyewe alikunywa chai tu. Likizo niliyokaa kwake ilipokwisha nilimwomba mkebe mmoja wa Kimbo umejaa mbuni. Akacheka: "Chukua, nani atakula hizo?"

Akko alizimimina kwenye uteo, akanusa, hakusema kitu. Akanipa kazi: kila tunda ling'atwe kidogo tu pale kikonyo kilipokuwa. Huko ndiko kuchinja. Baada ya muda meno yalikufa ganzi. Nikaruka kama kumi hivi, nikazichanganya na zilizong'atwa.

Samli iliyobaki nyumbani mwake ilikuwa vijiko vichache, akaiyeyusha yote. Buni zikaanza kuchacharika, zikavimba, zikang'aa weusi. Mara, moja ikalipuka, pwaa! Samli ikamrukia lesoni. Ikafuata ya pili, ya tatu. Akko hakunigombeza. Aliziokota jivuni moja moja, akazipuliza, akazirudisha sufuriani.

"Hizi hazikuchinjwa," alisema, macho yake kwenye sufuria.

Heri angenichapa.

Akatia maziwa nusu kikombe kutoka kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi, akaomba amani na mvua, nasi tukaitikia "nagaa" kila alipopumua. Kisha akachovya kidole kwenye samli, akanipaka kwenye paji la uso.

Ladha? Ilitangulia samli, nzito, na moshi wa kibuyu nyuma yake. Halafu ganda: laini, tamu kwa mbali, kama tende iliyokaa juani. Uchungu ulikuja mwisho, punje ilipovunjika menoni kama njugu iliyoungua kidogo. Siku hizi wakaangaji wa Nairobi wanasifia kahawa iliyokaushwa na ganda lake, wanataja ladha ya matunda. Nawaelewa, ila ganda wanalitupa, na utamu niujuao mimi ulikuwa humo.

Nilificha tatu mfukoni. Agosti nikampelekea mjomba. Alikuwa akipogoa, mikono imejaa majani. Akafungua kinywa nikamtilia moja. Alitafuna polepole, akasimama na makasi yake hewani.

"Hii imetoka wapi?"

"Ni ile yako, mjomba."

Akanyoosha mkono apewe nyingine.